Kiumbe asiye na jina hana mtetezi: Tuwape watoto wetu ruhusa ya kusoma elimu ya viumbe



Majuma machache yaliyopita, baada ya swala ya Ijumaa, tuliketi barazani na mzazi mmoja ambaye binti yake amefaulu kidato cha sita na kupata nafasi ya kusoma shahada ya sayansi ya mimea katika chuo kikuu. Tulitaraji kumkuta na furaha, tukamkuta na huzuni. Yeye alikuwa amemwombea binti yake awe daktari, au kwa uchache mhasibu. “Miaka mitatu chuo kikuu akasome majani?” alituuliza. “Majani hata mbuzi wangu anayajua. Na akimaliza, nani atamwajiri?”

Waliokuwapo walicheka, nasi tulicheka pamoja nao. Lakini tulipoachana, swali lile halikututoka akilini, kwa sababu ni swali la haki. Mzazi huyo si bakhili wala si mpinzani wa elimu ya mabinti. Amejinyima mengi ili mtoto asome, na anataka kujua kama jasho lake halitapotea bure. Tumeona basi tuutumie ukurasa huu kumjibu yeye na wazazi wengine walio katika hali kama yake, kwani jibu lake linahusu chakula chetu, afya zetu na nchi yetu.

Elimu ya kutaja na kupanga

Elimu tunayoizungumzia ni ile ya kuwatambua viumbe hai, kuwapa majina, na kuwapanga kwa ukoo na ujamaa wao. Wataalamu huiita elimu ya uainishaji wa viumbe. Inakwenda bega kwa bega na uchunguzi wa bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe waliopo mahali fulani na namna wanavyotegemeana.

Kutaja majina si jambo dogo mbele ya Muislamu. Qur'ani Tukufu inatusimulia katika Sura al-Baqara kwamba Nabii Adam (A.S.) alifundishwa majina, na kwa elimu hiyo utukufu wake ukadhihirika. Wanazuoni wetu wa zamani nao hawakuidharau kazi hii. Al-Jahiz wa Basra aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama katika karne ya tisa. Katika karne hiyo hiyo Abu Hanifa al-Dinawari aliandika juu ya mimea. Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga aliyefariki Damascus mwaka 1248, alisafiri nchi nyingi akichunguza mimea, kisha akakusanya maelezo ya dawa na vyakula takriban 1,400 na kuvipanga kwa mfuatano wa herufi. Hapana shaka kwamba watu hao wangeshangaa kusikia kuwa kusoma majani ni kupoteza wakati.

Utaratibu wa majina unaotumika leo duniani kote uliwekwa na Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, katika vitabu vyake vya mwaka 1753 kwa mimea na mwaka 1758 kwa wanyama. Kila aina, au spishi, hupewa jina lenye maneno mawili: la kwanza la jamaa yake wa karibu, la pili lake mwenyewe. Kwa njia hiyo mkulima wa Mtwara, daktari wa Cairo na mtafiti wa Brazil wanaweza kuzungumzia kiumbe kimoja bila kuchanganya.

Kazi yenyewe huanzia msituni. Mwanafunzi hukata tawi lenye maua au matunda, akalibana katikati ya karatasi, aghalabu magazeti ya zamani, hadi likauke. Huandika mahali alipolipata, tarehe, kimo cha mti, rangi ya ua na jina linalotumiwa na wenyeji. Kisha hulilinganisha na vielelezo vilivyohifadhiwa miaka mingi kabla yake. Likiwa halifanani na chochote kinachojulikana, hapo ndipo kazi kubwa inapoanza: kuandika sifa zake kwa uangalifu na kulitangaza jina jipya mbele ya wataalamu wa dunia. Mbuzi, kwa heshima zote, hawezi kazi hiyo.

Somo la vyura wa Kihansi

Wengi wetu tunawakumbuka vyura wa Kihansi kwa mzaha. Tulisikia kwamba vyura wamepandishwa ndege kwenda Marekani, tukacheka. Lakini kisa chao kina somo zito.

Mto Kihansi unashuka kutoka Milima ya Udzungwa kwa maporomoko makubwa. Katika miaka ya 1990 palijengwa bwawa la umeme lenye uwezo wa megawati 180, umeme ambao taifa liliuhitaji mno. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kuanza, watafiti waliokuwa wakichunguza viumbe wa korongo lile walimwona chura mdogo wa rangi ya manjano, aishiye katika eneo dogo lililoloweshwa muda wote na manyunyu ya maporomoko. Chura huyo hatagi mayai kama vyura tuliowazoea. Huzaa watoto wadogo walio hai, wakiwa tayari na umbo la vyura kamili.

Mtu wa kawaida angemwona na kupita zake. Chura ni chura. Lakini miongoni mwa waliomchunguza alikuwamo Profesa Kim Howell, aliyekuwa akifundisha elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye na wenzake walitambua kuwa chura huyu hafanani na mwingine yeyote anayejulikana duniani. Mwaka 1999 alitangazwa rasmi kwa jina la Nectophrynoides asperginis, neno la pili likiwa na maana ya manyunyu.

Hebu tuzingatie mfuatano wa mambo. Kiumbe alipata jina karibu wakati ule ule maji yake yalipoanza kuelekezwa kwenye mitambo. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya maporomoko iliondolewa, manyunyu yakakauka. Desemba 2000 vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa katika bustani za wanyama Marekani ili ukoo wao usipotee. Kule nako walikufa kwa wingi, hata wakati mmoja wakabaki chini ya mia. Korongoni iliwekwa mitambo ya kurusha manyunyu, na kwa muda idadi yao ilipanda hadi maelfu. Kisha, katika mwaka 2003 na baada yake, idadi hiyo iliporomoka ghafla, na ugonjwa wa ukungu unaoua vyura sehemu nyingi za dunia ukatajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kuwa chura huyo ametoweka katika mazingira yake ya asili.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Waliobaki Marekani waliendelea kuzaana. Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa nchini na kutunzwa katika maabara maalumu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 ikaanza kazi ya kuwarejesha Kihansi. Kwa mara ya kwanza amfibia aliyekwisha kutangazwa kuwa ametoweka porini alirudishwa porini kwake.

Sisi hatusemi kuwa umeme ulikuwa kosa. Taa za hospitali nazo ni amana. Tunachosema ni kwamba, laiti uchunguzi ule ungefanywa miaka kumi kabla, na watu wengi zaidi wenye ujuzi huo, mradi ungepangwa kwa namna ambayo ingeacha maji ya kutosha tangu mwanzo, bila gharama ya ndege, mitambo ya manyunyu na miaka ya wasiwasi. Na lau asingekuwapo kabisa mtu wa kusema “huyu ni mwingine”, chura yule angekufa bila hata kuandikwa kuwa aliwahi kuishi. Kiumbe asiye na jina hana mtetezi.

Jina likikosewa, watu hulala njaa

Pengine msomaji atasema: hao ni vyura, sisi je? Basi tulete mfano wa chakula.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mdudu mweupe wa jamii ya vidung'ata alianza kukausha mashamba ya muhogo katika Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alienea kwa kasi katika nchi nyingi za Afrika, na muhogo ndio chakula cha mamilioni ya watu. Kwa kuwa muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, wataalamu walikwenda huko kumtafuta adui wa mdudu huyo. Walimpata kidung'ata aliyefanana naye kaskazini mwa bara hilo, lakini maadui wake hawakufaa kitu Afrika. Sababu ilikuwa moja: hakuwa yeye. Alikuwa spishi nyingine inayofanana naye sana.

Ilibidi wataalamu wa kuainisha wadudu watenganishe wawili hao. Mdudu aliyeivamia Afrika alipewa jina lake mwaka 1977. Mwaka 1981 alipatikana nyumbani kwake, Paraguay, na pamoja naye nyigu mdogo sana anayemshambulia. Nyigu huyo aliletwa Afrika, akaachiwa kwanza Nigeria, kisha akasambazwa katika nchi zilimazo muhogo, na mdudu akadhibitiwa bila mkulima kununua chupa ya dawa. Hans Rudolf Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Kosa la jina liliwachelewesha watu wenye njaa, na jina sahihi liliwaokoa.

Mfano wa pili uko ndani ya nyumba zetu. Kwa miaka mingi mbu mkuu wa malaria alijulikana kwa jina moja, Anopheles gambiae. Katika miaka ya 1960 wataalamu walithibitisha kuwa jina hilo lilikuwa limefunika spishi kadhaa ambazo kwa macho hazitofautiani. Mmoja hupenda damu ya binadamu na huingia ndani usiku. Mwingine, Anopheles arabiensis, huuma watu na ng'ombe, na mara nyingi huuma nje, mahali ambapo chandarua hakimfikii. Yupo wa pwani, Anopheles merus, anayezaliana katika maji yenye chumvi. Na yupo mwingine anayependa ng'ombe na hahusiki sana na malaria. Mwenye kupambana nao wote kwa silaha moja atapoteza fedha na roho za watoto.

Na sasa amekuja mgeni, Anopheles stephensi kutoka Asia, aliyeonekana Djibouti mwaka 2012 na baadaye katika nchi nyingine zikiwamo Ethiopia, Sudan na Kenya. Huyu hujificha mijini na kuzaliana katika matangi na mapipa ya maji ya kutumia nyumbani. Nani atakayemtambua siku atakapofika mtaani kwetu, ikiwa hatukumsomesha mtu wa kumtambua?

Hazina yetu ilivyohifadhiwa mbali

Kuna sababu nyingine ya kuwataka vijana wetu waingie katika elimu hii. Sehemu kubwa ya maarifa juu ya mimea na wanyama wa nchi zetu imehifadhiwa ng'ambo.

Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua dogo la zambarau katika Usambara. Alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Leo ua hilo hupandwa katika vyungu na kuuzwa madukani Ulaya na Marekani, na pengine mtoto anayelikanyaga porini Usambara hajui kuwa ni la kwao.

Vielelezo vingi vya mimea iliyokusanywa Tanganyika wakati wa Wajerumani viliwekwa Berlin. Machi 1943, katika Vita vya Pili vya Dunia, jengo la hifadhi hiyo lilipigwa bomu na vielelezo vingi mno vikateketea. Miongoni mwake ilikuwamo mimea ya kwetu ambayo hatukuwa na nakala yake. Aliyeweka akiba yake yote katika nyumba ya jirani, nyumba ya jirani ikiungua, hana la kufanya.

Hatusemi kwamba hatuna kitu. Huko Amani, Usambara Mashariki, ilianzishwa mwaka 1902 hifadhi ya mimea mikavu ambayo mwaka 1950 ilihamishiwa Nairobi, na hadi leo inatumika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hifadhi yake, na Arusha ipo Hifadhi ya Taifa ya Mimea. Mwaka 2012 ilikamilika kazi kubwa ya kuandika mimea yote ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyochukua zaidi ya miaka 60, na jumla yake ikawa spishi 12,104. Ni kazi ya kushukuriwa. Lakini iliratibiwa kutoka bustani ya Kew, London, na kwa Kiingereza, na kuna watoto wetu wengi ambao hawatauona hata ukurasa wake mmoja.

Bado yapo mengi ya kugunduliwa, na wenyeji ndio wenye ufunguo. Mwaka 2003 wawindaji wa Mlima Rungwe waliwaeleza watafiti habari za nyani mwoga waliyemwita kipunji. Watafiti walimfuatilia, na mwaka 2005 akatangazwa kwa dunia akiwa spishi mpya. Mwaka uliofuata ilithibitika kuwa ni wa jenasi ya peke yake, akaitwa Rungwecebus kipunji. Jina la mlima wetu na jina walilompa wazee wetu sasa yamo katika vitabu vya dunia nzima. Mwaka 2011 nao wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliukuta tena, katika misitu ya kusini-mashariki mwa Tanzania, mti uitwao Karomia gigas ambao ulidhaniwa kuwa umekwisha toweka. Ilikuwa imebaki miti michache tu. Waliouona walikuwa watu waliosomea majani.

Jibu letu kwa mzazi

Tunarudi kwa swali la barazani: nani atamwajiri? Tutakuwa wakweli. Ajira katika fani hii si nyingi kama inavyostahili, na anayeingia kwa kutafuta utajiri wa haraka atavunjika moyo. Lakini milango ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini haiwezi kufanywa na mtu asiyejua alichokiona. Bandarini na mipakani wanahitajika wakaguzi wa kutambua wadudu na magugu yanayoingia na mizigo. Wapo pia watafiti wa malaria, wa kilimo, wa misitu na wa uvuvi, wahifadhi wa mbuga, na walimu wa baiolojia ambao shule zetu zinawalilia.

Kwa upande wa vyuo vikuu tunalo ombi. Masomo haya yasifanywe kimbilio la waliokosa nafasi kwingine. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wapelekwe msituni na ufukweni mapema, wakaone kabla ya kukariri. Wazee wataalamu wanapostaafu, wawepo vijana waliokwisha kukaa nao miaka kadhaa, kwa kuwa jicho la kutofautisha majani mawili yanayofanana halipatikani kitabuni peke yake. Na viandikwe vitabu vya Kiswahili vyenye picha, vya miti, ndege, samaki na wadudu wa kila mkoa, ili elimu ya chuo ifike kijijini.

Kwa wenye uwezo miongoni mwetu, tunapendekeza waqfu wa elimu. Tumezoea kuchimba visima na kujenga misikiti, na ni jambo la kheri. Kumlipia kijana mmoja masomo ya kutambua wadudu waharibifu wa mazao nako ni kuchimba kisima, na maji yake yatanywewa na watu wasiomjua aliyekichimba.

Kwa wazazi, kazi ianze nyumbani. Bibi yupo, anajua jani la kutuliza homa na jani la kuua mbuzi. Babu yupo, anajua samaki gani huonekana kusi na yupi kaskazi. Waulizeni majina hayo mbele ya watoto, na mtoto ayaandike katika daftari kabla wazee hawajaondoka nayo. Mwanafunzi anayekwenda chuoni na daftari kama hilo ameshatangulia mbele ya wenzake.

Na kwako mzee wetu wa barazani: barua ya chuo iliyo mezani kwako si barua ya aibu. Binti yako hakukosa udaktari. Amepata nafasi ya kuwa miongoni mwa wachache watakaoweza kusimama mbele ya mti, mbu au chura na kusema huyu ni nani, ana faida gani, na akiondoka tutapoteza nini. Mwache aende, na siku atakapokuja likizo, tembea naye shambani. Huenda akakuonesha jani ulilolikanyaga tangu utotoni, akakuambia jina lake.

Wabillahi tawfiq.